Nani Atamwogesha Mzee

Walikuja na karatasi iliyochapwa. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza, kabla hata sijasoma kilichoandikwa. Mtu akija kijijini kwetu Mollo kuzungumza habari za baba yake, anakuja na kilo ya sukari, au anakuja mikono mitupu, anakaa kwenye benchi na kuulizia mavuno. Hawa walikuja na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki ili isichafuke, wakaiweka mezani na kuinyoosha kwa viganja.

Karatasi ilikuwa na safu tatu. Agosti hadi Januari, Dar es Salaam. Februari hadi Julai, Mbeya. Safu ya tatu iliandikwa "Maelezo" na chini yake hapakuwa na maelezo yoyote. Niliitafuta Mollo. Niliitafuta mara mbili, kwa sababu mimi ni mtu wa darasa la sita na huwa sijiamini nikisoma mbele ya wasomi. Haikuwemo.

Mzee waliyempangia ni baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu baba. Alikuwa mwanajeshi wa majini, fundi wa injini kwenye boti za doria za Ziwa Tanganyika, na tangu alipostaafu anaishi hapa Mollo, kwenye nyumba iliyo hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Amekaribia miaka themanini. Wenye karatasi ni watoto wake wa kuwazaa: wa kwanza ni mwanamume, ana kazi ya ofisini Dar, wa pili ni mwanamke, ameolewa Mbeya. Kwetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, hakuna neno jingine la kumwita. Kwa hiyo nilijihesabu kuwa mkubwa wao wote. Nilijihesabu hivyo kwa miaka zaidi ya arobaini, hadi ile asubuhi ya Julai.

Kikao kama hicho nilikuwa nimewahi kukiona. Ndiyo maana niliiva kwa hasira mapema kuliko walivyotegemea.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, na tukabaki wanne: mimi, wadogo zangu wawili wa kike, na wa mwisho, wa kiume, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Siku ya kumaliza matanga ndugu walikaa chini kutugawa. Sitii chumvi, ndilo neno walilotumia. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alianza.

"Huyu wa kike mkubwa nitakwenda naye Kaengesa. Ana mabega, ataweza ndoo."

Mwingine akasema atamchukua wa pili. Mimi nilitakiwa na watu wawili kwa sababu ya kulima. Wa mwisho hakutajwa. Alikuwa mgongoni kwangu wakati huo, nimesimama kwenye mlango wa jikoni, na nilihisi pumzi yake ya moto shingoni. Mtu akauliza, "Na huyo mdogo?" Shangazi akajibu, "Atapatikana tu wa kumchukua." Nimesahau mambo mengi ya mwaka ule, hata sura ya mama inanipotea siku nyingine, lakini hilo "atapatikana tu" sijawahi kulisahau.

Baba mdogo alifika katikati ya mazungumzo hayo. Telegramu ilifika Kigoma akiwa doria, kwa hiyo alikosa mazishi. Alipanda meli hadi Kasanga, akadandia lori la mahindi lililokuwa linarudi mjini, na kutoka Sumbawanga akatembea. Alikuwa na mfuko wa turubai begani na vumbi hadi kwenye kope. Aliomba maji, akanywa, akauliza wanazungumza nini. Wakamwambia.

"Mnafungua injini," alisema. "Pistoni mnapeleka Kaengesa, pampu mnapeleka mjini. Mwisho wa siku nani ana injini?"

"Hawa ni watoto, si vyuma," shangazi akamjibu. "Nani atawapikia? Wewe, kutoka huko majini kwenu?"

Baba mdogo akageuka akaniangalia. Kisha akaninyooshea kidole.

"Huyu," alisema.

Basi. Neno moja, na kikao kikaisha. Hatukugawanywa. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule, wala Jumatatu nyingine yoyote. Watu waliokuwepo siku ile wakisimulia, husimulia jinsi askari wa majini alivyowaokoa watoto wa marehemu kaka yake, na ni kweli. Lakini sijamsikia hata mmoja akisema kwamba yule aliyenyooshewa kidole hakuulizwa.

Likizo yake ilikuwa siku ishirini na nane kwa mwaka. Mwaka ule aliimaliza yote kwetu, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Alikuwa anakuja kuanzia Machi, wakati wa matuta. Huku Ufipa tunakata majani, tunayarundika, tunayafunika kwa udongo tuta moja moja, tunapanda maharage juu. Majani yanaoza humo ndani, na msimu unaofuata tunalivunja tuta na kusia ulezi. Ndiyo mbolea yetu. Baba mdogo aliondoka nyumbani akiwa kijana na alikuwa amesahau. Akaleta kamba. Akapima mistari kutoka juu ya shamba hadi chini, akapanga matuta kama askari.

Jirani yetu alisimama barabarani akacheka hadi akashika magoti. "Afande! Matuta hayapigi gwaride!"

"Utaona mavuno," baba mdogo akamjibu.

Tuliyaona. Matuta ya Kifipa hupishana ili maji yasipate njia. Yake yaliyapa maji barabara ya lami. Mvua kubwa ya kwanza ilipita katikati ya mistari ile ikaondoka na maharage yetu hadi bondeni. Alikuwa ameshaondoka, nikamwandikia barua kumweleza. Akajibu: "Kosa ni langu. Rudia kwa namna ya bibi yako. Nitaleta migebuka mikavu mle." Na akaleta, gunia zima la samaki, kutoka ziwani.

Barua zake zilikuwa amri tupu. Kagua paa kabla ya Novemba. Kagua miguu ya wadogo zako kila Jumamosi, funza wasikae. Mdogo wako wa pili aende shule hata kama analia. Kulikuwa na wakati nilizichukia barua zile. Nilikuwa na miaka kumi na sita, wenzangu walikuwa wanakwenda mjini kutazama mpira, na mimi nimekaa kibarazani na pini nachokonoa funza kwenye vidole vya mtoto anayepiga kelele. Lakini nilikagua. Sikumbuki Jumamosi niliyoruka. Wadogo zangu wote wamekua wakiwa na vidole kumi vya miguu, na mmoja wao leo ni muuguzi, mmoja ana duka la nafaka mjini, na yule wa mgongoni anaendesha lori. Hakuna aliyekwenda Kaengesa kubeba ndoo.

Alipostaafu alikuja na mama mdogo, mkewe, wakajenga karibu na sisi. Mama mdogo alikuwa mgonjwa wa sukari na miguu ilikuwa haimbebi. Mzee alikuwa anamfulia nguo mtoni mwenyewe, akaanika, akakunja. Wanaume waliopita na ng'ombe hawakumwacha bila kumtania.

"Mwanajeshi mzima, unafua sketi!"

"Nimefua nguo za mabaharia walioharisha wote kwa pamoja, kwenye boti ndogo, ziwa limechafuka," aliwaambia. "Sketi ya mke wangu inanuka maua."

Alifanya hivyo hadi mama mdogo alipofariki. Watoto wao walikuja kuzika, wakakaa siku nne, wakarudi makazini. Siwalaumu kwa hilo. Kazi ni kazi. Ninawalaumu kwa miaka iliyofuata, ambayo walikuja mara chache mno, na kwa ile miwili ya mwisho ambayo hawakuja kabisa.

Miaka miwili iliyopita mzee aliteleza uani, nyonga ikavunjika. Ilipona vibaya. Anatembea kwa fimbo lakini hawezi kuinama wala kunyanyua mguu. Tangu hapo mimi ndiye ninayemwogesha. Kila siku, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapiga ukuta wa bafu, kwa sababu baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba haina adabu. Nachemsha maji, napoza, namkalisha kwenye kigoda, naanza na miguu. Ni baba yangu. Mwanzoni alifumba macho kwa aibu na mimi nikatazama ukuta. Sasa tunaongea. Yaani yeye anaongea. Mimi nikitaka kusema kitu lazima niiname kwenye sikio la kushoto na kupaza sauti, maana injini zilimla masikio, la kulia limekufa kabisa.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakifanyika hapa Mollo wakati ile karatasi inachapwa.

Walinitangulia kwa jambo jingine. Kabla ya kufika kwangu walipita Kaengesa na gari wakamchukua shangazi, yule yule, ambaye sasa ni mzee kuliko mzee, wakamkalisha kiti cha mbele na kumnunulia soda. Kwa hiyo nilipoitwa sebuleni kwa baba mdogo nilikuta kikao kimeshakaa: shangazi kwenye kochi, wao wawili kwenye viti, mzee karibu na dirisha akiwa na koti lake zito, na karatasi, bado ndani ya mfuko wake. Niliambiwa niisome, nikaisoma, kisha nikaisogeza kwa mzee ili ionekane nimeiondoa mbele yangu.

"Kaka, hatuna nia ya kumnyang'anya mtu," alianza yule wa Dar. "Na sisi tunataka kuwajibika."

"Miaka miwili mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunapiga simu."

"Simu! Mzee hasikii hata radi."

"Baridi ya huku itamuua, kaka," alisema dada yule wa Mbeya. "Atibiwe huko kwenye joto."

"Mbeya nako kumekuwa na joto?"

Shangazi akacheka kwa mdomo uliofungwa. Dada akanyanyua kidevu. "Sawa, cheka. Lakini watu wanatuuliza. Sisi ndio watoto wake wa damu, halafu baba yetu anatunzwa na ndugu. Inatuaibisha."

Sijui kama alilipanga neno hilo au lilimponyoka. Wa damu. Nilisimama. Nakumbuka kiti kilianguka nyuma yangu na sikukiokota.

"Haya, nyie wa damu," nilisema. "Nani atamwogesha?"

Yule wa Dar akainama kukiokota kiti.

"Nauliza. Kwenye karatasi kuna safu ya maelezo, haina kitu, tuandike. Mbeya atamwogesha nani? Wewe, binti yake?"

Akafunika uso kwa khanga.

"Au mume wako?"

"Ee!" shangazi akaruka. "Mkwe! Mkwe amwone mkwe wake?"

"Nitaweka msichana wa kazi," dada akasema ndani ya khanga.

Shangazi akapiga sakafu kwa fimbo. "Msichana wa kazi amvue nguo mdogo wangu! Mmesoma hadi mmekuwa wajinga!"

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi furaha mbaya, ya kuona watu wazima wameshika vichwa. Walikuwa wamefikiria hospitali, joto, chumba chenye feni, chakula cha wagonjwa. Watu wawili wenye akili zao walikaa Dar na Mbeya wakapanga mwaka mzima wa maisha ya baba yao, na haikuwapitia akilini kwamba ana mwili unaohitaji kuoshwa, na kwamba siyo kila mtu anaruhusiwa kuuona. Wangekuwa wamemwogesha hata mara moja wasingekosea hivyo.

Nikataka kumaliza kabisa. "Na zaidi ya yote," nilisema, "mwenyewe hajaulizwa. Mnamwona pale, ametulia, hajui hata mnazungumza nini. Mnamgawa mtu kiziwi mbele ya macho yake!"

Nikaenda dirishani, nikainama kwenye sikio lake la kushoto, nikaanza kumweleza kwa Kifipa. Sikufika mbali. Akanisukuma kifuani kwa kiganja, taratibu, kama unavyomsogeza mtoto aliyekuzibia mwanga. Ile karatasi ilikuwa mapajani kwake.

"Masikio yamekufa, macho hayajafa," alisema kwa ile sauti kubwa ya viziwi. "Nimesoma. Nitakwenda."

Akaomba kalamu. Dada akampa. Akaikata Mbeya kwa mstari mmoja. "Kwa mkwe nitasalimia siku kumi na nne, nikiwa njiani. Dar nitakaa." Kisha akamnyooshea kidole mtoto wake wa kwanza.

"Huyu ataniogesha," alisema.

Hakumuuliza.

Niliondoka bila kuaga. Nilikwenda shambani, nikakaa kwenye tuta, nikasubiri hasira ishuke na haikushuka. Mchana nilirudi. Wale wawili walikuwa wamempeleka shangazi kupumzika. Mzee alikuwa ametolewa juani nyuma ya nyumba, peke yake. Nikapiga magoti kando ya kiti na kusema kwa sauti ambayo nina hakika Mollo nzima iliisikia.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Kwa nini unakwenda?"

Alivuta koti. "Likizo ilikuwa siku ishirini na nane," alisema. "Zote nilizileta hapa. Kule Kigoma nilikuwa naingia nyumbani kubadili nguo. Nikirudi doria namkuta mtoto amerefuka, simjui. Ninyi nilikaa nanyi. Hawa sikukaa nao."

"Wanataka kuonekana tu! Huyo dada yangu amesema mwenyewe, wanaona aibu."

"Acha waone aibu. Watanitunza kwa aibu mwezi wa kwanza. Halafu tutazoeana."

Ni maneno ya mtu mwema, najua. Ukiyasikia kwa mbali unaweza kuyapenda. Mimi sikuwa mbali. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye changarawe, na kilichotoka mdomoni mwangu hakikuwa kile nilichokusudia.

"Ulisema 'huyu'," nilimwambia. "Siku ile. Hukuniuliza. Nilikuwa wa tatu darasani."

Hakujifanya kutosikia. Anaweza kufanya hivyo, nimemwona akiwafanyia wengine, lakini hakunifanyia mimi.

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema ndiyo."

"Basi."

"Lakini ungeuliza!"

Aliniangalia. Macho yake yana duara la kijivu siku hizi, huwezi kujua kama anakuona wewe au anaona kivuli. Kwa mbali gari la mtu lilikuwa linapiga honi kwenye njia ya mjini.

"Kweli," alisema. "Ningeuliza."

Sikuombwa radhi, na sikupewa shukrani. Nilipewa maneno mawili baada ya miaka zaidi ya arobaini, na hadi leo sijui niyaweke wapi. Kuna siku nayaona ni mengi. Siku nyingi nayaona ni machache sana.

Kesho yake saa nne nilimfundisha yule wa Dar. Sikutaka, lakini ningemwachaje aende na mzee bila kujua? Alikuja bafuni amekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, saa bado iko mkononi.

"Vua saa. Utamkwaruza."

Akavua. Akachota maji kwa kopo na kuyamwaga moja kwa moja kichwani kwa baba yake. Mzee akashtuka akashika ukuta.

"Miguu kwanza!" nilifoka. "Unataka moyo usimame? Miguu, magoti, mikono, halafu mgongo. Kichwa mwisho. Na umwambie kabla hujamgusa."

"Namwambiaje, hasikii?"

"Mguse bega la kushoto. Atajua ni wewe."

Alifanya. Vidole vyake ni laini, vya kupigia kompyuta. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono kama mkaguzi. Alifika kwenye mgongo, akapaka sabuni, akasimama ghafla. Alikuwa ameliona kovu. Ni refu, linaanzia chini ya bega hadi kiunoni, ngozi imejikunja na kung'aa.

"Hili ni la nini?"

"Hujui?"

"Sijawahi kumwona baba bila shati."

Kisha, bila kugeuka, akiwa bado anasugua, akasema, "Kaka, nilikuwa nakuchukia sana."

"Lini?"

"Kila mwezi wa likizo. Mama alikuwa anasema, baba yenu amekwenda kwa watoto. Kwa watoto. Nilikuwa na miaka sita, nikawa najiuliza, kama wale ndio watoto, sisi tunaitwaje?"

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi, niliyakusanya tangu jana yake. Ningemwambia habari za pini na funza, habari za gunia la migebuka tulilolila miezi mitatu. Ningemwambia kwamba yeye alisoma. Lakini mtu mwenye miaka hamsini alikuwa amechuchumaa mbele yangu kwenye maji ya sabuni, suruali nzuri imelowa, akiuliza kitu kile kile kilichoniinua kitini mimi siku iliyopita sebuleni.

"Suuza," nilimwambia. "Sabuni ikikauka itamwasha."

Akasuuza. "Na kovu?"

"Muulize mwenyewe. Sikio la kushoto."

Akainama akauliza. Mzee akacheka, akajiweka sawa kwenye kigoda, akavuta pumzi kama anavyofanya akianza jambo refu, akasema, "Tulikuwa tumetoka Kipili..."

Nikatoka. Kisa kile nakijua, alinisimulia mimi, bafuni humo humo, na sikutaka kusimama pale nikimsikia anakitoa kwa mwingine.

Waliondoka Jumanne. Wadogo zangu walikuja wote, wa lori alisimamisha safari yake. Walilia, wakampa blanketi jipya, wakapiga picha. Mimi nilifunga dawa zake kwenye boksi na kuandika kwa herufi kubwa saa za kumeza. Nilimfunga mkanda wa gari. Alinishika mkono wakati naufunga, nikauacha ushikwe, lakini sikusema kitu kwenye sikio lake, ingawa nilikuwa upande wa kushoto na nafasi ilikuwepo. Najuta kidogo. Siyo sana.

Saa nne ikifika sasa nakuwa sina kazi. Wiki ya kwanza nilichemsha maji kwa mazoea, nikayatumia kufulia.

Mwezi uliopita nilikwenda kusaga. Foleni ilikuwa ndefu, madebe yamepangwa hadi nje. Mbele yangu alikuwa mama mmoja jirani, ambaye hupita kwetu kila siku akienda shambani.

"Shikamoo kaka. Mzee simwoni juani siku hizi. Anaumwa?"

"Marahaba. Haumwi. Amekwenda Dar, kwa watoto wake."

"Watoto wake?" Alishika kiuno, akanitazama juu hadi chini. "Watoto wake gani tena? Si ndio nyie?"

"Ana wengine."

"Tangu lini?"

Watu wawili watatu kwenye foleni waligeuka. Walikuwa wananiangalia kwa uso wa kawaida kabisa, wanasubiri jibu. Nikamwambia asogeze debe lake, mashine imeshakuwa wazi.